Mahali pa Kusimama

Anayejenga huulizwa swali moja katika kila msiba na kila harusi: "Mmefikia wapi?" Muulizaji ana nia njema. Anatamani kusikia mmepaua, mmeweka madirisha, mnakaribia kuhamia. Ukimwambia kwamba tangu Pasaka mpo palepale kwenye lenta, anakupa pole kama umefiwa. Sisi tulipewa pole hizo miaka yote tuliyojenga Chanika, na nilikuwa nazipokea kwa adabu huku moyoni nikijua kwamba kusimama kwenye lenta kulikuwamo kwenye mpango wetu tangu mwanzo.

Wengi wetu Tanzania hatujengi kwa mkopo wa benki. Sheria ya mikopo ya nyumba ilipitishwa mwaka 2008 na mikopo yenyewe ipo, lakini riba na masharti yake yanawaacha nje watu wengi wenye vipato kama vyetu. Tunajenga kwa mshahara, kwa kikoba, kwa mpunga ukiuzwa, kwa kiinua mgongo cha baba. Fedha ikija, mafundi wanaitwa; ikikata, kiwanja kinanyamaza. Sasa mtu anayejenga hivi akipiga hesabu ya kuanzia msingi hadi rangi bila kuandika atasimama wapi, mpango wake bado ni nusu.

Mimi na mume wangu tulinunua kaunta buku tukaanza na kalenda kabla ya tofali. Januari ni ada, sare na madaftari. Mwezi huo hakuna anayejenga kwa mshahara, na kujidanganya ni kutafuta ugomvi wa bure nyumbani. Machi hadi Mei ni masika. Njia ya kwetu ni ya udongo, lori la mchanga linakwama chini ya kilima, na mchanga uliomwagwa bila kuzuiwa kwa tofali utaukuta mtaroni kesho yake. Mafundi wasaidizi nao wengi huwa wamerudi kwao kulima. Kazi nzito tukaipangia Juni hadi Septemba, jua likiwa kali na barabara ngumu. Tulipoona kwenye karatasi kwamba mwaka wetu wa ujenzi una miezi minne tu ya uhakika, tuliacha kulaumiana kwa ile minane mingine.

Kisha tukaandika vituo. Hapa ndipo pana mambo, na ndipo ningependa kila anayeanza atulie.

Msingi uliofungwa mkanda, ukajazwa kifusi kikashindiliwa, ukapigwa dawa ya mchwa na kumwagwa jamvi, unaweza kukaa ukikusubiri. Mtaro wa msingi ulioachwa wazi haukusubiri: mvua inaujaza, kingo zinaporomoka, na ukirudi unalipia uchimbaji mara ya pili. Boma lililofika lenta kuta zake zimeshikana, linahimili kukaa. Lililoachwa katikati ya kozi, kona hazijafungwa na nondo zimechomoza, linakula fedha polepole bila mwenyewe kuona. Na mbao zikishapanda juu, bati lazima lifuate. Mbili kwa nne zikinyeshewa na kupigwa jua msimu mzima zinapinda, hata zile za dawa. Ndiyo maana hatukununua ubao wa kenchi hata mmoja mpaka fedha ya bati, kofia na misumari ilipotimia yote.

Vifaa navyo vina tabia zao. Kokoto, mawe na tofali vinangoja. Simenti haingoji. Ukiirundika kwa kuogopa bei kupanda, hata ukiipanga juu ya mbao mbali na ukuta, ikipita miezi mitatu hivi inaanza kupungua nguvu, na mfuko ulioingiwa na unyevu unautoa umekuwa jiwe. Wenzetu wengi wamepoteza hivyo akiba ya mwaka, nao walikuwa watu makini waliodhani wanaokoa.

Lenta yenyewe nilikuwepo ilipomwagwa. Siku chache baadaye fundi alikuja asubuhi, akapanda ngazi, akagonga zege kwa mpini wa mwiko.

"Mama, hii imeshashika. Nifungue mbao na mirunda, nina kazi Kivule inanisubiri."

"Fundi, si tulikubaliana wiki tatu?"

"Lakini we ona juu palivyokauka."

Mume wangu alimwita pembeni, wakazungumza. Mbao na mirunda vilikuwa vyake, na mteja wa Kivule alikwisha kumpa kianzio. Tukakubaliana afungue mbao za pembeni, na sisi tumwongezee kodi ya ile mirunda iliyobeba zege juu ya milango na madirisha. Zege hukauka juu upesi, lakini nguvu yake inajengeka taratibu kwa kumwagiliwa maji. Wahandisi wanapopima uimara wake husubiri siku 28. Kwa hiyo kila jioni vijana wetu walibeba ndoo, wakalowesha magunia tuliyoyatandaza juu yake. Jirani aliwahi kuuliza kama tumeotesha mboga huko juu.

Asubuhi ile ilinifundisha jambo kuhusu fundi ambalo daftari halikuwa nalo. Haraka yake haikuwa hila. Yeye hula kwa kazi ya siku; kazi yetu ikilala, nyumbani kwake nako kunalala. Tangu hapo kila tulipokaribia kituo tulimwambia mapema: wiki ijayo tunasimama, tunategemea kurudi mwezi fulani, na hiki hapa ni chako chote, hatudaiani. Wapo wanaosimamisha ujenzi huku fundi anadai, wakitegemea deni ndilo litakalomrudisha. Harudi. Au anarudi na uchungu, na uchungu huo unauona kwenye plasta. Wa kwetu alirudi kila tulipompigia, na alipochelewa alituma kijana wake kuja kusema.

Sitaki kuifanya njia hii ionekane nyepesi. Tuliendelea kupanga, tukilipa kodi ya miezi sita kwa mwenye nyumba, fedha ambayo ingetosha bati za upande mmoja. Jirani aliyeanza nyuma yetu alipaua kwa bati za msauzi na kuhamia, nasi bado tunalowesha magunia. Niliumia. Kuna jioni nilipita mbele ya geti lake nikiwa nimegeuza uso upande wa pili.

Halafu mama yangu akaugua. Ilikuwa Julai, mwezi tuliouandikia kupaua, na fedha ya bati ilikuwa imetimia. Ikaenda yote hospitali, na nyingine juu yake. Nilikaa naye wodini usiku mwingi, nikimgeuza, nikimlisha uji kwa kijiko, na katika siku zote hizo sikuwaza mbao zinazooza wala ukuta unaobomoka, kwa sababu havikuwepo. Boma lilikuwa kwenye lenta, kuta zimeshikana, fundi hadai. Nyumba ilikuwa imesimama mahali ambapo ingeweza kunisubiri, na mimi nikawa na mama kwa moyo wote. Kwangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote tulizopata kwa kupanga vituo, na siku hizi hata jambo lisilohusu tofali, kozi ya chuo au biashara ya mdogo wangu, nauliza kwanza: likikatishwa, litaishia wapi? Mama alipona. Tulipaua mwaka uliofuata, na yeye ndiye aliyewapikia mafundi.

Kama boma lako limesimama sasa hivi, usilione aibu wala usilitelekeze. Nenda kalitazame kabla mvua za vuli hazijaanza Oktoba. Fyeka majani na vichaka vilivyoota ukutani, funika vichwa vya kuta kwa udongo wa simenti ili maji yasishuke katikati ya tofali, paka nondo zilizochomoza uji wa simenti kuzikinga na kutu, chimba mfereji wa kuyatoa maji mbali na msingi. Na kama kuna fundi anayekudai, mpigie leo umlipe, hata kama ni cha kupunguza tu.