Habari za Kipupwe kutoka Songo

Wako watu wadhanio ya kuwa katika nchi yetu ya joto hakuna majira ya baridi. Asemaye hivyo hajalala Uvira katika mwezi wa Julai. Mvua zikiisha kukatika, upepo wa kusini huanza kuvuma juu ya Ziwa Tanganyika, na kwa miezi mitatu hivi hauchoki. Hupita urefu wote wa ziwa, kilometa zipatazo 670, na hapo uufikapo ufuko wetu wa kaskazini mawimbi yamekwisha kuwa makubwa, nayo huvunjika mchangani kwa kishindo. Vumbi hujaa hewani, hata milima ya Burundi ng'ambo hupotea machoni. Asubuhi mafuta ya mawese yameganda ndani ya chupa, na mama wa nyumba sharti aiweke chupa karibu na moto kwanza, ndipo aweze kuunga sombe. Wenzetu wa nchi za mbali wana theluji. Sisi tuna mawese yaliyoganda.

Twakaa Songo, mmoja wa mitaa ya mji wa Uvira. Mji huu umebanwa kati ya ziwa na mlima: mashariki maji, magharibi milima ya Mitumba, ambayo huko juu upande wa Itombwe yapita mita 3,000. Kwa sababu hiyo jua hutuacha mapema. Kivuli cha mlima kimekwisha funika mabati yetu, na bado ng'ambo, Bujumbura, kunameremeta. Kivuli kikishuka, baridi hushuka pamoja nacho. Hapo twajitanda vikwembe na makoti ya zamani, twaketi uani chini ya mwembe, tukilizunguka jiko la makaa ambalo kwetu huitwa babula, na kila mmoja hutoa habari zake za siku.

Kipupwe tutakacho kuwasimulia ni kile cha mwaka 2021. Mwaka ule ziwa lilikuwa limepanda kupita kiasi, likaziingia nyumba za watu wa ufukoni, kwetu Uvira na vilevile Gatumba katika Burundi. Rafiki yetu mmoja, mvuvi, alikuwa ameiacha nyumba yake, maji yalipofika madirishani, akapanga chumba jirani nasi. Yeye ndiye aliyetuletea habari za ziwa. Alikuja hasa nyakati za mbalamwezi, kwa maana ndakala huifuata taa ya mvuvi gizani tu. Mwezi ukiangaza, taa haina nguvu, na mitumbwi hupumzika.

Jioni moja alitwambia kwamba kiboko ameingia katika ua wa ile nyumba yake ya ufukoni, anakula majani penye kibanda cha kupikia. “Mimi nimehama, yeye amehamia,” akasema, akacheka. Lakini kicheko chake hakikudumu.

Mama mmoja wa mboga, aliyekuwa na matuta ya lengalenga karibu na maji, naye alikuwa na kesi yake na kiboko huyo. Mnyama huyu hali nyama. Hutoka majini usiku kutafuta majani, na kwa usiku mmoja aweza kula kilo 40. Lakini mtu akisimama kati yake na maji, kiboko humwona kuwa amemfungia njia ya kwao, naye humshambulia na kumwua. Mama yule alikuwa amepoteza matuta mawili, akaacha kabisa desturi ya kwenda kumwagilia kabla ya jua kutoka. “Lengalenga itaota tena,” akasema, “mimi sitaota.” Twaona alisema vema, nasi twawapa shauri hilohilo wote walimao karibu na ziwa.

Wa nne katika baraza letu alikuwa mjane mzee, tuliyemwita Koko, kama tuwaitavyo wazee wetu. Hakuwa na mtoto aliye hai. Habari zake hazikutoka mbali, bali katika ua uleule tulimoketi. Kipupwe ni wakati wa maua ya mwembe. Basi yeye aliwaangalia ndege waitwao chozi, wadogo kama kidole, wenye kung'aa kama chupa iliyovunjika juani, wakinyonya maua yale. Aliwaangalia minana wakichana majani ya mchikichi nyuzi nyembamba kwa kufumia viota. Kila ndege alimjua kwa jina lake la Kifuliiru, na saa yake ya kuamka. Wanafunzi wetu walipenda kumwuliza, naye hakukosa jibu.

Jioni nyingine tuliwasomea barua ya rafiki tuliyesoma naye zamani, ambaye sasa akaa Liège, Ubelgiji. Aliiandika katika Januari, katikati ya baridi ya huko, nasi tulikuwa tumeiweka. Alieleza jinsi theluji ilivyofunika bustani yake, na jinsi alivyotupa nje makombo ya mkate na vipande vya mafuta kwa ajili ya ndege mmoja mdogo mwenye kifua chekundu. Ndege huyo huimba hata wakati wa baridi, wenzake wengi wanaponyamaza au wanapokuwa wamekwisha kwenda zao. Kisha akauliza: “Mbayuwayu wamewafikia? Huku walituacha tangu Septemba.” Naam, katika Januari walikuwa kwetu, wamejipanga juu ya nyaya kama wanafunzi mstarini. Na sasa, katika Julai, walikuwa kwake. Baridi yake na baridi yetu hazikutani, lakini mbayuwayu wazijua zote mbili, nao huzikimbia.

Koko akauliza, “Mwalimu, ni nani aliyewaambia Wazungu ya kuwa ndege hao huja kwetu?”

Swali hilo ni zuri, tukamjibu kama tulivyosoma. Zamani wako wataalamu wa Ulaya waliofundisha kwamba mbayuwayu, baridi ikija, hujizamisha katika matope ya mabwawa na kulala humo mpaka joto lirudi. Hakuna aliyewaona wakifanya hivyo; lakini neno hilo lilirudiwa miaka mingi, likawa kama kweli. Basi mwaka 1822, huko Mecklenburg katika Ujerumani, aliuawa korongo mweupe ambaye shingoni mwake ulikuwa umepenya mkuki wa Kiafrika. Ndege alikuwa amechomwa huku kwetu, akaruka na mkuki wake hata Ulaya. Korongo huyo amehifadhiwa hata leo katika Chuo Kikuu cha Rostock, na mkuki wake bado umo. Watu walipouona walianza kuelewa ndege waendako.

Koko alicheka sana. “Kumbe ni mkuki wetu uliowafundisha!”

Hatukujua kwamba katika juma lilelile tungehitaji fundisho hilo sisi wenyewe.

Nyuma ya ua wetu palikuwa na mchikichi mrefu, na katika kilele chake alikaa bundi, yule mwenye uso mweupe wenye umbo la moyo. Haimbi, hulia kwa sauti ya mkwaruzo, kama nguo ichanwayo. Wakati huo mtoto wa jirani alishikwa na kikohozi na homa. Usiku bundi alilia, na asubuhi minong'ono ikaanza: bundi ametumwa. Ametumwa na nani? Na huyo mjane asiye na mtoto, anayewajua ndege wote kwa majina! Kile tulichokipenda kwake ndicho walichokifanya kuwa ushahidi wa kumhukumu.

Hapa yatupasa kukiri kosa letu. Sisi tuliusikia mnong'ono huo siku mbili kabla, tukanyamaza. Tulijiambia ya kuwa ni maneno ya watoto kisimani, yatapita. Lakini maneno ya namna hiyo hayapiti yenyewe. Katika Kongo ya mashariki yamekwisha wapotezea maisha wanawake wengi wazee, waliochomwa au kupigwa mawe na watu waliowajua tangu utoto. Jioni ya siku ya tatu kigoda cha Koko kilikaa kitupu kando ya babula. Alikuwa amejifungia ndani. Na chini ya mchikichi vijana walikuwa wakikusanya mawe, mengi kuliko yahitajiwayo kwa ndege mmoja.

Hapo tuligawana kazi bila maneno mengi. Mvuvi alichukua mkeka wake, akaenda kuketi mlangoni pa Koko, akakaa pale hata kukacha. Mama wa mboga aliingia moja kwa moja katika nyumba ya mgonjwa. Alimkuta mtoto akipumua mbiombio, na kifua chake kikibonyea ndani kila apumuapo. Chumba kilikuwa kimefungwa dirisha na mlango kwa kuogopa baridi, na katikati ya chumba babula ilikuwa ikiwaka. Hakuuliza mengi, alimfunga mtoto mgongoni, akamwambia mamaye amfuate, wakashika njia ya kituo cha afya usiku ule ule.

Sisi tulienda kwa wale vijana. Baadhi yao walikuwa wanafunzi wetu wa zamani. Tuliwaomba taa, tukaokota chini ya mchikichi vile vidonge vya kijivu ambavyo bundi huvitapika baada ya kula, tukavilowesha katika beseni ya maji, tukavipasua mbele yao. Ndani yake mlikuwa na manyoya, mifupa myembamba kama sindano, na mafuvu ya panya yenye meno yake ya manjano. “Huyu ndiye mlinzi wa mihogo yenu,” tukawaambia. “Uso wake ni kama sahani ya kukusanyia sauti; sikio moja li juu kidogo kuliko la pili, naye humsikia panya gizani asipomwona. Anawinda panya wa nyumba zenu, wala hajui mtoto wa mtu.”

Kijana mmoja akajibu, “Sawa, Mwalimu. Na mtoto je?”

Hatukuwa na jibu mpaka asubuhi, nao hawakuyatupa mawe yao. Tulikesha pale pamoja, sisi upande huu wa beseni, wao upande ule. Jua lilipotoka juu ya milima ya Burundi, mama wa mboga alirudi peke yake, nguo zikiwa zimejaa vumbi. Alisema kwa sauti, ili wote wasikie: ni homa ya mapafu, ameanza kupewa dawa, angalichelewa siku moja tu, pengine asingalipona. Muuguzi alikuwa ameuliza mtoto alikolala, na aliposikia habari ya babula katika chumba kilichofungwa, alikasirika. Alieleza kwamba moshi hudhoofisha mapafu ya mtoto, na kwamba makaa hata yasipotoa moshi hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, iwezayo kuua nyumba nzima usingizini.

Vijana waliondoka mmoja mmoja.

Mtoto alirudi nyumbani baada ya siku chache. Mamaye hakusema mengi. Alikuja uani kwetu na beseni ya unga wa muhogo, akaiweka miguuni pa Koko, akalia. Koko alimwambia, “Inuka, mwanangu, unga utapata vumbi.” Tangu jioni ile kigoda hakikukaa kitupu tena. Hatusemi ya kuwa wote waliamini. Yuko jirani mmoja aliyeendelea kuvuka barabara kila amwonapo mzee wetu. Lakini hakuna aliyeokota jiwe.

Wasomaji wapenzi, kipupwe kikirudi, iwekeni babula nje, na acheni dirisha wazi hata kama baridi yaingia. Mtoto akipumua mbiombio na kifua chake kikibonyea, msingoje asubuhi. Na msikiapo mnong'ono juu ya mzee, msingoje siku tatu kama tulivyongoja sisi.

Mwanzoni mwa Oktoba upepo wa kusini ulitulia, mawingu yakajikusanya juu ya Mitumba. Ni Koko aliyekuja kutugongea mlango alfajiri, akatuongoza kwa mkono hata njiani, akaonyesha juu. Juu ya waya palikuwa na mbayuwayu saba. Siku ile ile tulimwandikia rafiki yetu wa Liège: “Wamefika. Mtoto ni mzima. Bundi yupo bado.”