Kichwa cha Barua Mjini Bura: Kutoka Rimu ya Nairobi hadi Kiolezo cha Tarakilishi

Kichwa cha barua, ambacho makarani wengi wa Kenya hukiita leterhedi, ni ule ukanda wa juu wa karatasi ya ofisi unaobeba nembo, jina la ofisi, sanduku la posta, namba ya simu na nafasi ya kujaza kumbukumbu namba na tarehe. Katika mji mdogo kama Bura, makao ya kaunti ndogo ya Fafi katika Kaunti ya Garissa, ukanda huo umekuwa mojawapo ya mahali pachache ambapo mfugaji asiyekuwa na haja ya kufika Nairobi huiona serikali ikijitaja kwa jina lake kamili. Kwa sababu hiyo, kumbukumbu ya jinsi ukanda huo ulivyotengenezwa hugusa mitambo kidogo tu; kwa sehemu kubwa huhusu suala la ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kuliandika jina hilo, na ni nani aliyelazimika kulisahihisha kila lilipobadilika.

Mwandishi wa kumbukumbu hii aliingia katika kazi ya ukarani wakati ambapo ofisi haikuwa na uwezo wa kujitengenezea kichwa cha barua hata kama ingetaka. Karatasi zilichapwa na Mpigachapa wa Serikali jijini Nairobi, zikaja kwa rimu, yaani mafungu ya karatasi mia tano, na rimu hizo zilifungiwa kabatini pamoja na mhuri. Tahadhari hiyo haikuwa ya kupindukia, kwa kuwa nembo ya taifa, yenye simba wawili walioishika ngao na neno Harambee chini yao, inalindwa na sheria ya mwaka 1963 inayohusu bendera, nembo na majina ya taifa, na karatasi tupu yenye nembo hiyo, ikiangukia mkono usiofaa, ni nusu ya barua tayari. Karani aliyeharibu ukurasa kwa kubonyeza herufi isiyo yake hakuweza kuukunja na kuutupa hivi hivi; alitakiwa kuutolea maelezo. Matokeo yake ni kwamba watu waliandika rasimu kwa mkono kwanza, wakaisoma, wakaipeleka kwa mkuu wa ofisi, na ndipo taipureta ikaguswa. Nakala ya masijala, yaani chumba cha kutunzia majalada, ilitoka chini ya karatasi ya kaboni kwenye karatasi nyepesi isiyo na kichwa chochote, kwa hiyo aliyefungua jalada miaka kumi baadaye alisoma maneno ya barua bila kuiona sura ambayo mpokeaji wa barua aliiona.

Juu ya karatasi hizo, upande wa kushoto, palikuwa na mstari wa telegramu. Anwani ya telegramu ilikuwa neno moja lililosajiliwa kusimama badala ya anwani nzima, kwa kuwa mtumaji alilipa kwa kuhesabiwa maneno, na ofisi za wakuu wa wilaya nchini Kenya zilitumia neno DISTRICTER likifuatiwa na jina la mji. Chini yake palikuwa na simu, kisha ombi kwamba anayejibu ataje kumbukumbu namba na tarehe, na upande wa kulia anwani ya posta. Mpangilio huo ulirithiwa kutoka enzi ya ukoloni bila kuguswa sana, na watumishi wa Tanzania, ambao vichwa vyao vya barua viliandikwa kwa Kiswahili tangu zamani, wangeutambua mara moja licha ya tofauti ya lugha.

Jina Bura lenyewe lilileta mkanganyiko wa aina yake. Ng'ambo ya Mto Tana, upande wa magharibi, kuna Bura nyingine, ile ya mradi wa kilimo cha umwagiliaji katika Kaunti ya Tana River, na kwa miongo mingi Bura hiyo ilikuwa katika Mkoa wa Pwani na hii katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki, hivi kwamba miji miwili yenye jina moja ilikuwa na karatasi za mikoa miwili. Barua isiyosema ni Bura ipi ilikuwa na nafasi nzuri ya kuvuka mto. Neno Mashariki linaloongezwa baada ya jina la mji huu, ambalo mgeni anaweza kulidhania pambo, lina kazi ya kweli.

Tarakilishi zilipofika, kwanza zikitegemea umeme wa jenereta uliowashwa saa za kazi tu, hazikuleta kiolezo papo hapo. Zilileta desturi mbaya ambayo haijaisha hadi leo: karani hufungua barua ya jana, hufuta maneno ya mwilini, huandika mapya, kisha huhifadhi kwa jina jingine. Njia hiyo ni ya haraka, lakini inategemea karani akumbuke kufuta kila kitu, na hakuna anayekumbuka kila siku. Kumbukumbu namba ya jana hubaki, jina la aliyepelekewa nakala hubaki, na pale ambapo karani amesahau kubadilisha jina la kuhifadhia, barua ya jana yenyewe hupotea moja kwa moja.

Kiolezo ndicho kilichokusudiwa kuondoa balaa hilo. Kama kipande cha karatasi ngumu ambacho fundi cherehani huwekea kitambaa ili akate shati la mia kwa kipimo cha shati la kwanza, kiolezo cha programu ya kuandikia ni faili linalohifadhiwa kwa namna maalumu, ambalo mtu akilibofya halifunguki lenyewe bali huzaa waraka mpya usio na jina, ukiwa na kichwa, pambizo na aina ya herufi tayari. Katika programu ya Word faili hilo liliishia kwa herufi dot, na tangu toleo la 2007 huishia kwa dotx. Katika LibreOffice huishia kwa ott. Nembo na anwani huwekwa katika kijajuu, yaani eneo la juu la ukurasa lisiloguswa na maandishi ya mwilini, na hapo huchaguliwa kwamba ukurasa wa kwanza uwe na kijajuu chake peke yake, ili ukurasa wa pili uwe mtupu kama ulivyokuwa enzi za taipureta.

Maelezo hayo yanaonekana mepesi, lakini makosa yaliyojificha ndani yake ni mengi. Ukubwa wa karatasi ni mojawapo: programu iliyowekwa kwa desturi za Marekani hupanga ukurasa wa milimita 216 kwa 279, wakati karatasi iliyomo katika printa ni A4 ya milimita 210 kwa 297, na printa nyingi hukataa kuchapa hadi zipewe karatasi ambayo haiuzwi Garissa. Kosa baya zaidi ni tarehe inayojisasisha. Katika ofisi moja ambamo mwandishi alihudumu, aliyetengeneza kiolezo aliweka tarehe ya aina hiyo, kwa nia njema ya kumpunguzia karani kazi, na barua za mwezi wa Machi zilipofunguliwa mwezi wa Oktoba, kila moja ilidai imeandikwa siku ileile ilipofunguliwa. Nakala za karatasi zilizokuwa masijala ndizo zilizotoa ushahidi wa tarehe halisi. Tangu hapo mwandishi hujaza tarehe kwa mkono, na haoni haya kusema kwamba katika jambo hili taipureta ilikuwa bora.

Mtihani mkubwa ulikuja na majina. Fafi ilipotengwa kutoka Garissa na kuitwa wilaya, jina hilo liliingia kwenye karatasi, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ikaamua kwamba wilaya zinazotambulika kisheria ni zile tu zilizotajwa katika sheria ya 1992. Katiba ya 2010 ikafuata, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013 mikoa ikatoweka. Mkuu wa wilaya akawa naibu kamishna wa kaunti, na Ofisi ya Rais ikapisha jina refu linaloanza na Wizara ya Mambo ya Ndani, ambalo sehemu yake ya pili ilibadilishwa tena mwaka 2022. Papo hapo serikali ya kaunti ikaja na nembo yake, hivi kwamba mji mmoja ukawa na vichwa viwili vya barua vya kiserikali, na mwananchi akalazimika kujifunza ni kipi kinachohusu chifu na ni kipi kinachohusu zahanati. Ng'ambo ya mto, kwenye mradi wa umwagiliaji, Bodi ya Kitaifa ya Umwagiliaji, iliyoanzishwa mwaka 1966, nayo ikageuka kuwa mamlaka chini ya sheria ya 2019.

Zamani badiliko la namna hiyo lingesubiri rimu mpya kutoka Nairobi, na jina la kale lingekatwa kwa msururu wa herufi x. Mwaka 2013 lilimalizika kwa dakika chache, mahali ambapo kiolezo kilikuwa kimoja na mlinzi wake alijulikana. Mahali ambapo kila meza ilikuwa na nakala yake katika flashi, Mkoa wa Kaskazini Mashariki uliendelea kuandika barua muda mrefu baada ya kuvunjwa. Karatasi za chapa zilizobaki ziligeuzwa upande wa nyuma na kuandikiwa rasimu, jambo ambalo faili la tarakilishi haliwezi.

Mstari wa telegramu ndio uliodumu kuliko yote. Ulinakiliwa kutoka karatasi ya chapa kuingia katika kiolezo cha kwanza, na kutoka kiolezo hicho kuingia katika vilivyofuata, ingawa shirika la posta na simu lilikwisha kugawanywa mwaka 1999 na hakuna karani kijana aliyewahi kuiona telegramu. Karani anayesoma haya anaombwa afungue kiolezo cha ofisi yake, si barua ya jana, atazame kona ya juu kushoto, na mstari huo ukiwa bado upo, aufute kisha ahifadhi.