Pampu mpya ya maji: saa 20 za kwanza ndizo zinazoamua umri wake

Kiangazi kimeshika hapa Kikwe, na wiki hizi naona pampu mpya zinashushwa kwenye bodaboda zikiwa bado na nailoni za dukani. Leo naomba tuweke kando habari za kantangaze na ukungu, tuzungumze injini.

Mimi ni afisa ugani, fundi siyo. Lakini nimesimama kandokando ya mifereji na mito hii kwa miaka kadhaa, na nimeona kitu kimoja kinajirudia: pampu mbili za aina moja, zimenunuliwa msimu mmoja, moja inafika mwaka wa tano, nyingine inatoa moshi wa bluu kabla nyanya hazijaiva. Tofauti mara nyingi inaanzia wiki ya kwanza.

Ngoja nikueleze kwa nini. Ndani ya injini kuna silinda, na ndani yake pistoni inapanda na kushuka ikiwa imevaa ringi. Injini ikitoka kiwandani, ukuta wa silinda una mikwaruzo midogo sana iliyowekwa makusudi. Ringi zinasuguana na ukuta ule mpaka vinakubaliana na kubanana vizuri. Wakati wa kusuguana, chembe ndogo za chuma zinamomonyoka na kuingia kwenye oili. Gari lina chujio la oili la kuzikamata. Injini ndogo ya pampu ya inchi 2 au 3 kwa kawaida haina. Chembe zile zinabaki humo humo, zinarushwa juu pamoja na oili, na kusaga chuma kingine.

Kwa hiyo mkulima anayeniambia, "Bwana shamba, oili bado mpya, niimwage kwa nini?" namjibu hivi: unamwaga chuma kilichomo ndani yake. Mwenye bunduki ya leseni anajua jambo linalofanana na hili. Mtutu mpya husafishwa kabla ya risasi ya kwanza, kwa sababu hutoka kiwandani na mafuta ya kuzuia kutu. Chombo kipya bado kina mabaki ya kiwandani.

Sasa fuata hatua hizi.

Kwanza, kabla ya kuvuta kamba. Pampu nyingi huuzwa injini ikiwa haina oili kabisa. Kuna duka nililofika na kikundi kimoja, muuzaji akahesabu pesa, akafunga pampu, neno oili halikutamkwa. Usisubiri kuambiwa. Injini nyingi za pampu hizi zimefuata muundo wa Honda GX160, ambayo huchukua takriban lita 0.6 za oili ya injini ya petroli yenye mipigo minne; 10W-30 inafaa. Weka pampu mahali palipo sawa, jaza mpaka oili ifike kwenye ukingo wa tundu. Kijiti cha kupimia kichomeke tu bila kukikaza nyuzi, ndipo kisome. Na usichanganye oili kwenye petroli. Mchanganyiko ni wa mashine za mipigo miwili, kama baadhi ya bomba za kupulizia za injini.

Pili, jaza maji kwenye kichwa cha pampu kupitia kifuniko cha juu kabla ya kuwasha. Pampu ikizunguka kavu, sili inaungua kwa muda mfupi, na utaona maji yanadondoka katikati ya pampu na injini. Chujio la mpira wa kunyonyea liwe limefungwa, lisilale kwenye matope. Mkulima mmoja hufunga lake ndani ya ndoo iliyotobolewa, na ni wazo zuri.

Tatu, saa za mwanzo usipige resi ya mwisho. Ninavyoshauri, siku mbili za kwanza tumia nusu hadi robo tatu ya nguvu, uwe unapandisha na kushusha kidogo, na pampu iwe inasukuma maji kweli. Kuiacha ingurume saa nzima bila mzigo hakusaidii ringi kukaa. Kumbuka pia kwamba huku kwetu hewa ni nyepesi kuliko pwani. Uwanja wa KIA upo mita 894 juu ya usawa wa bahari, na sisi ni majirani zake. Injini inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, na uwezo wa kunyonya nao unapungua. Sogeza pampu karibu na maji, lakini iwe imekaa sawa. Ikiinama kwenye mteremko wa ukingo, oili inakimbilia upande mmoja.

Nne, ikifika saa 20, mwaga oili yote. Ukimwagilia saa nne kwa siku, hizo ni siku tano tu. Imwage injini ikiwa na joto ili chembe zitoke nazo. Ikinge kwenye kopo jeupe uitazame juani: ule mng'ao kama unga wa fedha ndio niliokuwa nakuambia. Lita moja inatosha kujaza upya na kubaki ya kuongezea. Baada ya hapo badilisha kila saa 100. Oili chafu ipeleke gereji. Maji ya huku yanateremkia Kikuletwa na kwenda Bwawa la Nyumba ya Mungu, na wapo wanaoyanywa.

Tano, chujio la hewa. Kwa vumbi la Kikwe, lifungue kila wiki. Sponji ioshe kwa sabuni, ikaushe, ipake oili safi kidogo na kuikamua. La karatasi likung'ute, usilioshe. Masika yakianza na pampu inakwenda kulala, pitisha maji safi, fungua koki ya chini matope yatoke, kisha mwaga petroli ya kwenye tangi na kabureta isigande.

Nasisitiza haya kwa sababu ya vikundi. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na wengi wanaoupata huku hununua pampu. Mkopo hauna riba, lakini marejesho hayasubiri injini itengenezwe. Nimeona akina mama watano wakichanga za mfukoni kulipia pampu iliyokufa, huku mahindi ya mbichi yakinyauka mbele yao. Pampu ya watu watano haina mwenyewe, kila mmoja anadhani mwenzake ameangalia oili.

Basi nunueni daftari moja, lifungwe kwenye mkono wa pampu kwa mpira. Anayeitumia aandike jina, saa alizotumia, na kama ameangalia oili. Anayekodisha afanye vivyo hivyo, na asimkabidhi mteja mpaka wamepima wote wawili.