Mshale usioua

Wiki iliyopita nilikuwa Singida kikazi. Pale mjini, mahali wanaponunua vyuma chakavu, nikaona mshale mfupi wa ajabu. Ncha yake ndogo kama ukucha, na nyuma yake tu pamezungushwa kamba ngumu hadi ikawa fundo nene. Kijana wa mizani akasema ni wa kuchezea watoto. Mwenzake akadai ni wa sumu. Sumu gani jamani, wakati fundo linauzuia usizame?

Mzee wa Kibarabaigi aliyeuleta alikuwa bado kivulini akisubiri hela yake.

"Shikamoo babu. Huu ni wa nini?"

"Marahaba. Wa kumtoa ng'ombe damu, mjukuu wangu."

Akanionyesha kwa shingo yake mwenyewe. Ng'ombe anafungwa mkanda shingoni mpaka mshipa unatuna. Unasimama karibu kabisa, unapiga. Fundo linazuia ncha isitoboe upande wa pili. Damu inakingwa, mkanda unalegezwa, damu inakata, ng'ombe anarudi malishoni. Damu hunywewa, mara nyingi na maziwa. Wamasai nao wana mshale wa namna hii.

Kwao ni Basotu, Hanang, ambako miaka ya 1970 na 1980 NAFCO, kwa msaada wa Kanada, ililima ngano kwenye ekari kama 100,000 za malisho ya Wabarabaigi. Yeye sasa ana ng'ombe wanne tu, wengine wamekwisha kwa ukame.

"Wanne hawatolewi damu," alisema.

Nikampa elfu tano. Kwenye mizani usingefika hata mia mbili. Picha nitaiweka kesho, umeme ukirudi.