Mwalimu, Nimezidisha Lakini Haikuzidi

Wiki ya tatu ya TP nilikuwa nasahihisha madaftari ya Hisabati ya Darasa la Tano. Wanafunzi 97, maswali matano kila mmoja, na mimi nimejibanza kwenye kona ya ofisi ya walimu na kalamu nyekundu. Wenzangu mliopita huko mnajua: ukifika daftari la sitini hivi, husomi tena, unatafuta jibu tu. Swali la pili lilikuwa 8 × 3/4. Mtoto mmoja kaandika 24. Nikaweka kosa, nikafungua ukurasa. Halafu nikarudi, maana kuna kitu jicho lilikiona. Kando ya ile 24 kulikuwa na 6, imekatwa kwa peni mara tatu.

Yaani alikuwa amepata, kisha akajikosoa mwenyewe.

Kesho yake wakati wa mapumziko nikamwita. Alikuja kaweka mikono nyuma, akidhani ana kesi. Nikamuuliza kwa nini alikata 6. Kimya. Nikamwambia hana kosa lolote, nataka kujua tu. Ndipo akasema kwa sauti ya chini: "Mwalimu, swali limesema tuzidishe. Nimezidisha, lakini haikuzidi."

Nilitaka kucheka, kicheko kikakwama. Sikuwa na jibu. Nikamwambia kile nilichoambiwa mimi: "Ndiyo kanuni ilivyo. Zidisha kwa kiasi, gawanya kwa asili." Akasema, "Ndiyo, mwalimu," akaenda kucheza.

Hiyo "ndiyo, mwalimu" naijua vizuri. Niliitoa mimi miaka yangu yote ya sekondari kwenye kipindi cha Hisabati, kila nilipokuwa sijaelewa na nimechoka kuonekana sijaelewa. Mpaka nikaamua kwamba somo lile si la watu kama mimi. Pale shuleni nilipewa Hisabati kwa sababu walimu walikuwa wachache, siyo kwa sababu niliomba. Na sasa, katika wiki ya tatu tu, nilikuwa nimeshamfundisha mtoto wa watu kuitikia kama nilivyoitikia mimi.

Usiku ule nililiwaza lile neno. Kuzidisha. Kuzidi, kuzidisha: kufanya kitu kiwe kingi zaidi. Tunampa mtoto neno hili akiwa mdogo kabisa, tunampa na ushahidi wake: 3 × 4 ni 12, 6 × 7 ni 42. Ukiacha sifuri na moja, kila anapozidisha, jibu linakuwa kubwa. Neno na hesabu vinasema kitu kimoja. Halafu siku moja tunamletea 3/4, tunamwonyesha hatua za kufuata, na hatumwambii kwamba maana imebadilika. Yule mtoto hakuwa mzembe. Aliliamini neno tulilompa, na kwa kuliamini akakata jibu lililokuwa sahihi.

Jibu nililipata kwa mama, bila yeye kujua. Mama anauza maandazi. Nilimpigia jioni ya siku ya pili, shikamoo, marahaba, habari za huko. Akasema mvua imenyesha mfululizo, wateja hawatoki, kwa hiyo "leo nimekanda robo tatu tu." Siku zote anakanda unga kilo 8 kwa sukari kilo 2. Robo tatu ni unga kilo 6 na sukari kilo moja na nusu. Hajatoa kilo mbili kwenye kila kitu. Angefanya hivyo sukari ingekwisha yote. Amevipunguza vyote kwa kipimo kimoja, ndiyo maana andazi likabaki andazi lilelile. Na mkesha wa Idi huwa anakanda "moja na nusu": unga kilo 12, sukari kilo 3.

Kumbe namba unayozidishia ni kama agizo. Inaiambia ile namba nyingine: kua, sinyaa, au baki hapohapo. 3/2 inakuza, 3/4 inapunguza, 4/4 haigusi kitu. Mama anafanya hivyo kila alfajiri, ila haiiti kuzidisha. Anasema "robo tatu ya siku zote." Ile alama tunayoisoma "mara", yeye anaisoma "ya".

Kipindi kilichofuata niliingia na hadithi ya maandazi. Nikaweka sharti: kabla ya kukokotoa, kila mtu aseme kwa mwili. Jibu likizidi namba ya mwanzo, mikono juu. Likipungua, lala juu ya dawati. Likibaki vilevile, kunja mikono. Kwa watoto 97 bila zana yoyote, ilitosha.

12 × 2/3. Wengi walilala, wachache mikono juu, wakatazamana. 12 × 5/4. Mikono juu. 12 × 4/4, darasa likagawanyika, zikaanza kelele, hadi msichana mmoja wa nyuma akasimama: "Mwalimu, 4/4 ni kitu kizima. Ni kama mama yako amekanda siku ya kawaida." Nikaandika 348 × 7/9, namba ambayo hakuna aliyetaka kuikokotoa, na darasa karibu lote likalala. Mwisho nikaweka 1/2 × 3/4. Hapo palikuwa pagumu, lakini wakafika: nusu ya robo tatu lazima iwe ndogo kuliko robo tatu. Ndipo tukachukua peni na kukokotoa. 12 × 2/3, nane. 12 × 5/4, kumi na tano. 1/2 × 3/4, 3/8.

Bahati mbaya, au nzuri, siku hiyo msimamizi wetu kutoka chuo alikuwa amekaa nyuma na fomu yake. Baada ya kipindi alinieleza kwa upole kwamba nusu ya dakika 40 ilipita bila mwanafunzi kuandika chochote, na maswali yaliyokuwa kwenye andalio la somo sikuyamaliza. Alama zikapungua. Sikubishana, kwa sababu alisema kweli. Mtihani hauulizi kama mtoto amelala juu ya dawati, unataka jibu. Na wapo watoto ambao baada ya michezo yote ile bado walisahau kugawanya kwa asili. Kanuni lazima ifundishwe na ifanyiwe mazoezi. Ninachosema ni kwamba mtoto anayejua jibu linapaswa kuelekea wapi hawezi kukubali 24 kirahisi.

Wiki iliyofuata nilimwona yule kijana mlangoni mwa ofisi. Hakuwa ameitwa. "Mwalimu, sasa kwa nini isiitwe jina lingine?" Nikamwambia swali lake ni zuri na kwamba mimi pia nimejiuliza. Hakusema "ndiyo, mwalimu." Alisimama pale akifikiri, kisha akasema yeye angeiita "kupima upya."

Ninyi mnaokwenda TP mwaka huu, mtafundishwa namna ya kuandika azimio la kazi na kupanga ubao. Mimi nawaombeni jambo moja dogo: mkisahihisha, angalieni na majibu yaliyokatwa. Na mtoto akikata jibu sahihi, muulizeni kwa nini, halafu msimjibu haraka kama mimi.