Kinywaji na Kitoweo Chake

Ziko Masaki mbili, na watu wengi wanaijua moja tu. Ile ya Dar es Salaam imekaa kwenye rasi ya Msasani; ina balozi, hoteli na nyumba zenye mageti. Yetu iko Kisarawe, nyuma ya vilima vya Pugu; ina minazi, mikorosho na mihogo. Katika ile ya kwanza mgeni akiketi mezani huletewa orodha ya chakula na orodha ya vinywaji, akashauriwa bia gani au divai gani yafaa kwa jibini gani. Wapo wanaodhani kwamba elimu hiyo ya kuoanisha kinywaji na chakula imeletwa na wageni. Mimi nimekula na kunywa katika pembe kadhaa za nchi hii kwa zaidi ya nusu karne, nami nasema tulikuwa nayo. Ninachohofia ni kwamba tunaipoteza, na hasara yake si ya ulimi peke yake.

Marehemu baba yangu alikuwa mgema. Alipanda minazi alfajiri na jioni, kotama kiunoni, akakata ncha ya karara changa na kufunga kibuyu cha kupokea utomvu. Tembo la asubuhi ni tamu; kufika adhuhuri limechachuka na lina nguvu; likilala siku kadhaa hugeuka siki. Karara linalogemwa halizai nazi, kwa hiyo mgema hula nazi zake kabla hazijawa nazi, na hana budi kuijua thamani ya anachokipata. Kila umri wa tembo ulikuwa na chakula chake. Lile tamu mama alilitumia kuumulia unga wa mchele wa mkate wa kumimina. Lililochachuka lililetwa pamoja na muhogo wa kuchoma, pilipili na ndimu, au korosho zilizotoka motoni. Siki ilikwenda kwenye kachumbari. Kwa tembo hilo nililipiwa karo, enzi ambazo shule ya msingi bado ilikuwa ya kulipia. Ndiyo maana sijaweza kuilaani pombe kwa jumla, ijapokuwa majirani zangu wengi ni Waislamu wasioigusa, nami nawaheshimu kwa hilo.

Baada ya chuo cha ualimu nilipangiwa kazi mbali na pwani, na mwaka 1977 nilikuwa nafundisha Njombe. Huko kinywaji ni ulanzi, utomvu wa mianzi. Mvua zinapoanza, chipukizi hukatwa ncha, na utomvu hutiririkia kwenye kipande cha mwanzi kilichofungwa hapo. Ulio mpya na mtamu huitwa mtogwa, uliokomaa huitwa mkangafu, na asiyejua tofauti hiyo hurudi nyumbani akishikwa mkono. Alikuwapo mwalimu mwenzetu wa kujitolea kutoka Uswisi. Jioni moja ya baridi aliamua kutupikia fondyu, chakula cha kwao: jibini iliyokunwa na kuyeyushwa polepole katika divai nyeupe, chungu kikawekwa katikati ya meza juu ya moto mdogo, na kila mtu akachovya kipande cha mkate kwa uma mrefu. Jibini aliipata misheni, lakini divai hakuwa nayo. Mpishi wa shule akamwambia, "Mwalimu, tia ulanzi." Akatia mkangafu na kijiko cha wanga, akakoroga, na jibini ikalainika bila kujikata mabonge.

Baadaye nilielewa sababu. Jibini ikipata moto peke yake hujitenga, mafuta upande huu na mabonge upande ule. Uchachu wa divai huzuia mabonge hayo, na wanga husaidia kushikanisha. Ulanzi nao ni mchachu. Hata mdomoni ilikuwa hivyohivyo: jibini ni nzito, ina chumvi na mafuta yanayoganda kwenye ulimi, na funda moja la ulanzi husafisha njia ya tonge linalofuata. Ni sababu ileile iliyomfanya baba alete ndimu na pilipili mbele ya muhogo.

Tulisikia pia miiko ya Waswisi. Anayeangusha mkate wake chunguni hulipa faini ya kinywaji. Maji baridi hayanywewi pamoja na fondyu, ila divai au chai ya moto, eti maji yataigandisha jibini tumboni. Mwaka 2010 watafiti wa Zurich waliwapima watu 20 na kuona kwamba divai huchelewesha chakula kutoka tumboni kuliko chai, lakini walioinywa hawakuumwa zaidi ya wenzao. Niliwahi kudhani chakula hicho ni cha tangu enzi na enzi. Jibini na divai kupikwa pamoja ni jambo la kale kweli, lakini aliyekifanya chakula cha taifa zima ni chama cha wafanyabiashara wa jibini, kilichokitangaza kwa bidii tangu miaka ya 1930 ili mali yao inunuliwe. Desturi nazo hupandwa na kupaliliwa kama shamba.

Lakini kilichonikaa moyoni jioni ile ni ule mduara. Ukila kutoka chungu kimoja huwezi kwenda mbio kuliko wenzako. Mikono yao inakuona. Nyanda za Juu niliona jambo hilo upande wa kinywaji pia. Kimpumu, pombe ya ulezi, huwekwa chunguni, ikatiwa maji ya moto, na wazee wakaivuta kwa mirija huku wakizungumza. Uchagani mbege hupita kwa kata kutoka mkono hadi mkono. Vyombo hivyo vina adabu ndani yake: vinampa mnywaji mashahidi, na vinampa muda.

Kisha vikaja viroba. Pombe kali katika mfuko wa plastiki unaotosha mfukoni, bila chungu, bila kitoweo, bila mashahidi. Nikiwa mwalimu mkuu nilikuwa na kijana mmoja hodari wa hesabu. Hakuonekana kilabuni hata siku moja. Viroba vyake alivificha kwenye droo pamoja na chaki, akanywa peke yake, tumbo tupu, kati ya kipindi na kipindi. Nilimwita tukazungumza, kisha nikamwandikia barua mbili za onyo. Ya tatu haikuhitajika, kwa sababu tulimzika. Serikali ilipopiga marufuku viroba tarehe 1 Machi 2017, nilikuwa nimekwisha kustaafu. Nilimkumbuka.

Ninayaandika haya, ndugu msomaji, kwa kuwa hapa kwetu kumetokea shauri la kukifunga kilabu cha tembo. Vijana hukaa pale tangu asubuhi, na wake zao wamechoka. Nimeulizwa maoni kama mzee. Nimesema kilabu kisifunguliwe kabla ya jioni, na asiuze tembo mtu ambaye hana chungu motoni. Anayetaka tembo anunue kwanza muhogo. Bwana mmoja akanipinga kwamba kitoweo kitapandisha bei, na vijana watakwenda kwenye gongo la porini. Hoja yake ni nzito, kwani gongo halimsubiri mtu apike. Mama mmoja muuzaji naye akasema, "Mwalimu, ada imefutwa, lakini sare na madaftari havijafutwa. Mkinifungia, nitavinunua kwa nini?"

Nilimsikia mama yangu katika sauti ile. Nikamjibu kwamba ndiyo sababu sikusema kifungwe; muhogo nao utamwingizia shilingi, na mteja aliyekula atarudi kesho akiwa mzima. Yule bwana hakuridhika, na mkutano uliahirishwa mpaka baada ya msimu wa korosho. Nitakwenda na shauri lilelile, na ikibidi nitatoa mihogo ya mwezi wa kwanza kutoka shambani kwangu, tuone kama watu watakaa kitako wale.