Safari ya Mume na Mke Katika Mito ya Rufiji

Wako vijana wengi waliooa karibuni ambao hutamani kutoka na wake zao siku mbili tatu, wakaone nchi na kuvua samaki kidogo, kisha warudi kazini. Tamaa hiyo ni njema, na mtu wa Dar es Salaam hana haja ya kwenda mbali kuitimiza. Pale Mto Rufiji unapogawanyika na kuingia baharini, katika Wilaya ya Kibiti, pana msitu wa mikoko ulio mmoja wa mikubwa kabisa katika pwani yote ya Afrika Mashariki, umepita hekta 50,000. Ndani yake mna mito mingi inayopindapinda, na vijiji vya watu wanaolima mpunga na kuvua kamba. Tangu mwaka 2004 bonde hilo, pamoja na bahari ya Mafia na Kilwa, limo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye thamani kwa ulimwengu mzima.

Lakini wengi huanza mpango wao pasipo mahali pake. Hutazama kalenda ya ofisini, wakaona Jumamosi na Jumapili, basi shauri limekwisha. Mito ya Rufiji haina habari ya Jumamosi. Maji yake hufuata mwezi, na kalenda ifaayo ni ile ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani, ambayo siku hizi vijana huitazama kwa ajili ya Ramadhani na Idi tu.

Kijana mmoja aliyesoma chuoni kwangu alinijia pamoja na mkewe kutaka shauri la safari kama hii. Mume alikuwa amekwisha kujua bei ya ndoana, bei ya mshipi na kodi ya mashua. Mke alikaa kimya mpaka mwisho, ndipo akauliza: "Maalim, saa ile tutakayorudi, maji yatakuwa wapi?" Mume hakuwa na jibu. Jumamosi aliyoichagua iliangukia mwezi 2, yaani katikati ya bamvua.

Nifafanue jambo hili, maana watoto waliozaliwa mjini hawakufundishwa. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku chache zinazofuata, maji huwa ya bamvua: hujaa sana na kupwa sana, na mkondo hukimbia kwa nguvu. Katika pwani yetu, siku hizo maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na kupwa karibu na saa nne asubuhi. Basi mgeni aliyetoka Dar es Salaam mapema akafika pwani saa nne, hukuta matope matupu na mashua imelala ubavu. Akingoja maji yajae, jua linakaribia kuzama naye bado hajatia ndoana majini.

Kati ya mwezi 7 na 9, na tena kati ya 22 na 24, huwa maji mafu. Hapo mambo hugeuka. Maji hujaa kiasi cha saa nne asubuhi, hupwa karibu na saa kumi jioni, na mkondo ni mpole. Hizo ndizo siku za mgeni. Ataondoka saa mbili maji yakiwa yanajaa, atavua maji yanaposimama, kisha atarudi kabla mito midogo haijakauka. Kila siku saa za maji husogea mbele kwa takriban dakika 50, na ndani kabisa ya mito maji huchelewa kuliko baharini, kwa hiyo neno la mwisho ni la nahodha mwenyeji. Hao wanandoa waliahirisha safari yao juma moja. Mume alinuna kidogo kwa sababu ilimbidi kuomba ruhusa kazini.

Majira nayo yana hukumu yake. Msiende wakati wa masika. Mwezi wa Aprili 2024 mto ulifurika ukaharibu mashamba na makazi katika Wilaya za Rufiji na Kibiti, na Mei yake kimbunga Hidaya kikapita upande wa Mafia, mvua ikaikata barabara ya kusini. Kati ya Juni na Oktoba nchi huwa kavu. Kusi huvuma kwa nguvu bahari kuu, lakini mikoko huwakinga walio ndani ya mito.

Njia ni nyepesi. Mtapita Mbagala, Mkuranga, Kimanzichana na Jaribu mpaka Bungu, na hapo mtaiacha barabara kubwa na kushika ya kushoto iendayo Nyamisati, kiasi cha kilometa 40. Nyamisati ndipo pa kupandia vyombo vya Mafia. Wapendao kulala penye maduka na nyumba za wageni wasonge kwanza hadi Kibiti mjini, kiasi cha kilometa 140 kutoka Dar es Salaam. Masafa hayo yanamruhusu msafiri kupunguza sala na kuzikusanya, basi msije mkamhimiza nahodha kukimbia kwa sababu ya adhuhuri. Mwenye kutaka tembo na twiga aelekee Mloka, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyerere iliyoanzishwa mwaka 2019. Hiyo ni safari nyingine, na haifai kuzibana zote mbili katika siku mbili.

Mtakapokuwa mitoni mwombeni nahodha awatajie miti. Macho ya mgeni huiona yote kuwa mikoko, kumbe kuna mkoko wenyewe uliosimama juu ya mizizi kama miguu ya kaa, na mchu, na mkandaa, na mkomafi wenye matunda makubwa ya duara. Boriti za msitu huu zilikuwa zikipakiwa majahazini hadi Arabuni kuezekea nyumba. Upande wa mashamba ya mpunga mtaona madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ambamo wakulima hukaa kulinda mazao.

Karibu na Salale ndipo ilipojificha manowari ya Kijerumani, Königsberg, baada ya kuizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Waingereza waliizingira humo kwa miezi mingi, wakarusha ndege kutoka Mafia, na mwishowe tarehe 11 Julai 1915 ikaangamizwa humo humo mitoni. Wajerumani waliing'oa mizinga yake wakaendelea kupigana nayo bara. Msitarajie kuiona meli: chuma chake kilikatwakatwa katika miaka ya 1960, na yaliyobaki yakamezwa na matope.

Kuhusu uvuvi wenyewe, ulizeni kwanza ofisi ya uvuvi juu ya kibali. Chukueni mshipi wa mkono. Chambo cha kamba kinapatikana hapo hapo. Mtapata changu, pengine chewa, na bila shaka hongwe. Huyu hongwe ana miiba mapezini ichomayo vibaya, basi mwacheni nahodha amtoe kwenye ndoana. Mtauziwa na kaa wakubwa wa matope. Hapa Mashafii wakumbuke kwamba wanazuoni wengi wa madhehebu yetu wamemkataza kaa kwa kuwa anaishi majini na nchi kavu. Kamba hana neno.

Sasa niseme na mume peke yake. Mweleze mkeo hatari zote kabla hamjatoka nyumbani. Penye maji matamu kuna mamba na viboko, na mtu hashuki kunawa ukingoni bila idhini ya mwenyeji. Mbu ni wengi, lazima chandarua. Simu haishiki kila mahali. Jaketi za kuokolea ziwe mbili, kila mtu na yake, nazo zivaliwe, si kukaliwa kama mito ya kitandani. Nimesikia waume wakisema, "Nikimwambia ataogopa." Naam, pengine ataogopa, na hiyo ni haki yake; akisema haendi, vueni Nyamisati gatini, na mtumbwi mtauona kwa macho. Mwanamke aliyechukuliwa majini kwa kufichwa habari hatakubali tena hata kuvuka kwa pantoni ya Kigamboni.

Beberuni maji ya kunywa ya siku zote, kwani vijiji vya mitoni vina shida ya maji matamu. Na sanduku la barafu litoke nalo Dar es Salaam. Samaki watumbuliwe papo hapo Nyamisati na kutiwa barafuni kabla ya kupanda gari, maana kutoka Bungu hadi Mbagala ni mwendo mrefu, na jioni magari hujaa barabarani hata chewa mwema akaharibika.